Nondo unayemwona siye anayetoboa sweta

Mdudu wa rangi ya dhahabu iliyofifia, mwenye urefu wa milimita 6 hadi 8, akiruka kutoka kabatini, kumpiga kofi hakuokoi nguo. Nondo mzima hali kitu. Halafu huyo anayeruka mara nyingi ni dume. Jike hupenda kutambaa gizani akitafuta pa kutagia. Hutaga mayai 40 hadi 50, na wanaotoboa nguo ni mabuu wanaoanguliwa humo: weupe, kichwa cha kahawia, na hawapendi mwanga kabisa.

Mwenzake ni mbawakawa wa mazulia. Aliyekomaa hula chavua ya maua, ndiyo maana humkuta dirishani akitafuta njia ya kutoka. Buu wake ana manyoya na mistari ya kahawia, na huacha maganda makavu kila anapojivua ngozi. Ukikuta maganda hayo, ni mbawakawa. Ukikuta utando mwembamba na chembe za kinyesi zenye rangi ileile ya kitambaa, ni nondo. Kwa mbawakawa, kagua pia darini: kiota cha ndege kilichoachwa au panya aliyefia huko huwalisha kwa muda mrefu, na ukisafisha zulia tu watarudi.

Wote hawa hutafuta sufu, hariri, manyoya na ngozi. Pamba na poliesta huziacha, isipokuwa zikichanganywa na sufu au zikiwa na jasho au doa la chakula. Kwa hiyo usihifadhi kamwe nguo iliyovaliwa hata mara moja bila kuifua. Hilo lina uzito kuliko dawa yoyote.

Kwa nguo iliyokwisha kuingiliwa, maji ya nyuzi 60 huua mayai na mabuu, ila sufu nyingi zitasinyaa. Hapo tumia friza. Itie nguo kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga vizuri, iache kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Watu wengi huitoa baada ya siku mbili, na hapo ndipo wanapokosea: blanketi lililokunjwa huchukua muda mrefu kupoa katikati, na mayai ya huko hubaki hai. Ukiutoa mfuko, usiufungue mpaka upate joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewani utaganda kwenye kitambaa. Kabla ya yote, pitisha brashi ngumu kwenye pindo, chini ya kola na ndani ya mifuko, nje ya nyumba.

Zulia huliwa pale lisipokanyagwa: chini ya kochi, nyuma ya kabati, ukingoni mwa ukuta. Sogeza samani, fyonza vumbi juu, kisha geuza zulia ufyonze na upande wa chini. Fanya hivyo kila wiki wakati wa uvamizi, na mfuko wa mashine uutupe nje siku hiyohiyo. Ukiubakiza ndani, mabuu wanaendelea kula nywele na vumbi humo.

Vidonge vya naftalini hufanya kazi kwenye chombo kilichofungwa kabisa tu, ambamo mvuke wake hujikusanya. Kabati linalonuka ni kabati linalovuja, na mvuke huo mnauvuta ninyi. Mimi siviweki kwenye nyumba yenye watoto: huvidhania peremende, na kwa mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD (kinacholinda chembe nyekundu za damu) huweza kuzivunja chembe hizo. Nguo za mtoto mchanga zisihifadhiwe navyo kabisa. Mbao za mwerezi zinanukia vizuri, lakini haziwamalizi wadudu waliokwisha ingia.

Mtego wa gundi wenye harufu ya nondo jike hunasa madume peke yao, kwa hiyo usiutegemee kumaliza tatizo. Utumie kupima. Weka mmoja ndani ya kila kabati, andika tarehe nyuma yake, hesabu walionaswa kila wiki. Idadi ikipanda kwenye kabati moja, anza kulikagua hilo, nguo kwa nguo.