Siku moja nyuma ya siti: amplifaya, boliti na Hilux ya Urambo

Saa 1 asubuhi. Kufungua banda, kufagia, kuchaji betri za drili mapema maana umeme ukikatika saa nne hakuna wa kulalamikiwa. Banda liko chini ya mwembe, kama mafundi wengi hapa Tabora. Kivuli ni bure, ila msimu ukifika maembe hudondokea maboneti ya wateja.

Saa 2. Redio mbili za kubadilisha, spika moja ya mlango iliyochanika. Zinaisha kabla chai haijapoa.

Saa 2:40 inaingia Hilux dabo kabini kutoka Urambo, nyekundu kwa vumbi hadi kwenye vioo. Mwenye gari ameshika kwapani boksi la amplifaya, kile kifaa cha kuipa sauti ya redio nguvu zaidi. "Mwangaluka, fundi. Nifungie hii nyuma ya siti, nina nusu saa tu. Jana nimeambiwa ni skrubu nne."

Nusu saa inatosha kuifunga vibaya. Bati la ukuta wa nyuma wa kabini halifiki milimita moja. Skrubu inayojitoboa inashika uzi mmoja au miwili tu. Barabara ya vumbi ikitikisa miezi miwili, tundu linapanuka, na kitu cha kilo tatu kinaning'inia kwenye nyaya zake. Siku dereva akikanyaga breki kwa nguvu, kinakuja mbele. Tena upande wa pili wa bati lile ni karai la mizigo, kwa hiyo tundu likipenya, masika yanaingia ndani ya zulia. Kwenye gari dogo ni hatari zaidi, maana mengi yana tenki la mafuta chini ya siti ya nyuma, na paipu za breki hupita humo humo. Kabla ya kutoboa, mtu alale chini ya gari aangalie.

"Sawa kaka, lakini ni wati 2,000, lazima iwe nzito," anasema. Basi tunahesabu pamoja. Fyuzi ubavuni ni mbili za ampea 20, jumla 40. Gari likiwaka lina volti kama 14. Arobaini mara 14 ni wati 560, huo ndio umeme unaoweza kuingia. Amplifaya hii ni ya aina iitwayo klasi AB, karibu nusu ya umeme huo inageuka joto. Zinazobaki kwa spika ni kama 280. Wati 2,000 ziko kwenye boksi. Ananuna kidogo. Halafu anatoa waya aliokuja nao, wameuandika geji 4, yaani kipimo cha unene wake. Kisu kidogo kwenye nyuzi: juu wekundu, ndani weupe. Aluminiamu iliyopakwa shaba. Hupitisha umeme kama theluthi mbili ya shaba ya unene ule ule, na hulegea ukiibana kwa skrubu. Wake unarudi kwenye boksi, tunakata mita 5 za shaba halisi. Hapo imekwisha saa nzima na hakuna boliti iliyofunguliwa.

Saa 4 mgongo wa siti unatoka. Sasa kipimo, na kipimo cha futi hakisaidii kwa sababu siti ikishakaa hakuna mkono unaoingia. Madonge matatu ya udongo wa mfinyanzi kwenye mifuko ya nailoni yanabandikwa ukutani, siti inarudishwa na kukandamizwa, kisha inatolewa tena. Donge lililobanwa zaidi lina sentimita 9. Amplifaya 5.2, ubao 1.2, raba 0.3: jumla 6.7. Hewa inabaki sentimita 2.3. Ni ndogo lakini inafaa, mradi mapezi ya kupozea yasimame wima ili joto lipande juu, na kapeti isiyafunike.

Ubao ni plaiwudi ya milimita 12. MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, hapana, ikinyonya unyevu inavimba na boliti zinalegea. Amplifaya inafungwa kwenye ubao kwanza, mezani, kwa boliti za milimita 5 zenye nati za pete ya nailoni, zisizolegea, upande wa nyuma. Ubao ndio unaofungwa kwenye gari. Matundu mawili yenye nyuzi yapo tayari ukutani, tunayatumia. Boliti za mkanda wa usalama haziguswi, hata ziwe zimekaa pazuri namna gani. Mawili mengine tunatoboa kwenye mbavu ya ndani ya ukuta, ambako bati ni mara mbili: biti ya 3, halafu 6, halafu 9, kila moja imefungwa tepu milimita 15 kutoka nchani ili isipitilize. Kingo zinasuguliwa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, ikauke, kisha zinaingia nati za ribeti, zinazojibana tunduni, za boliti ya milimita 6. Ukizikaza kwa hasira zinazunguka zenyewe, na kuitoa moja ni kazi ya saa nzima. Kati ya ubao na bati kuna raba ya milimita 3, isilie kama debe.

Mwenye gari ameshaulizia mara sita.

Mchana, jua la Tabora limekaa juu ya bati. Waya mkuu unapita kushoto, nyaya za sauti kulia, zisilale pamoja. Fyuzi ya ampea 60 inakaa sentimita 30 kutoka kwenye betri. Ni ya kuulinda waya usiungue ukibanwa na bati. Waya wa rimoti, unaoiambia amplifaya iwake au izime, unatoka kwenye redio, la sivyo amplifaya haizimiki na asubuhi betri imekufa. Arthi, waya wa kurudisha umeme kwenye betri, inafungwa kwenye boliti ya kabini, rangi imekwanguliwa hadi chuma king'ae.

Tunawasha. Mluzi kwenye spika. Ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka.

Hapo ndipo alasiri inapopotelea. Mita ya volti inawekwa kati ya arthi ya amplifaya na hasi ya betri, mziki ukilia: volti 0.6. Inatakiwa isizidi 0.1. Tunakwangua upya, bado 0.6. Kumbe Hilux kabini yake inakaa juu ya raba, haijashikana na fremu. Umeme unarudi kwa utepe wa waya unaounganisha kabini na betri, na utepe ule umeliwa na kutu chini ya boneti. Amplifaya haina kosa lolote. Utepe mpya, boliti mpya: 0.06. Mluzi hakuna.

Kiza kinaingia, bado geini, yaani kiasi ambacho amplifaya inakuza sauti. Spika zimechomolewa, redio robo tatu, toni ya hezi 1,000. Tunalenga wati 60 kwa spika ya omu 4: 60 mara 4 ni 240, kipeuo chake volti 15.5. Geini inapandishwa taratibu mpaka mita isome hapo, basi. Mwenye gari anataka ifike mwisho. Tunamwonyesha namba. Anasema sawa, kwa sauti ya mtu ambaye akifika Urambo ataipandisha.

Siti inarudi, ndoano zinalia tak, tunaivuta kwa nguvu. Haichezi. Anauliza: "Sasa mbona haionekani?"

Kesho saa 2 kuna Noah, siti zake za nyuma kabisa zinakunjwa pembeni, kwa hiyo ukuta wote wa kulia na kushoto umeshachukuliwa.