Siku moja gereji: siti ya umeme iliyokaa mshazari

Saa 1:00 asubuhi
Nafika gereji, hapa Chikongola, Mtwara mjini, nakuta kijana ninayemfundisha ameshafagia na kumwagia maji vumbi. Chai ya rangi, ming'oko ya kuchemsha kutoka kwa mama wa kona, kisha tunapanga kazi. Kuna bajaji inayozimika taa, kuna Noah isiyochaji, na kuna gari ya kifahari ya Kijerumani, ya mwaka 1998, iliyolala hapa tangu jana jioni. Hiyo ndiyo niliyoikamia.

Saa 2:00
Bajaji imeisha. Waya wa hasi ulikuwa umelegea kwenye bodi, basi.

Saa 3:00
Mwenye gari anashuka kwenye bodaboda. Ni mwalimu mstaafu wa Shangani, mama mfupi wa kimo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Leo ndiyo zamu yake, mama."

Ananisimulia upya, na mimi namwacha asimulie, maana mwenye gari anajua mengi kuliko mita yangu. Mwanawe, kijana mrefu, ndiye aliyeiendesha kutoka Dar es Salaam, na siti aliirudisha nyuma hadi mwisho. Mama alipobonyeza swichi aisogeze mbele, upande wa kulia ukaja, wa kushoto ukagoma. Toka hapo anaendesha kiuno kimepinda, mto mgongoni, ncha ya kiatu ndiyo inayogusa breki. Fundi mmoja alimwambia anunue siti nzima ya mtumba Dar. Mwingine alitaka kuisogeza kwa nguvu kisha aichomelee ibaki hapohapo.

La kuchomelea linanikera, na nilimwambia mama bila kuficha. Gari ikigonga, reli za siti ndizo zinazomshikilia dereva, na chuma kilichopashwa moto ovyo hakina tena uimara wake wa mwanzo. Tena kwenye siti kama hii kuna kikaza mkanda kinachofyatuka kwa baruti. Mtu anawashaje mashine ya kuchomelea pembeni ya baruti?

Saa 4:00
Kabla ya spana, masikio. Nabonyeza swichi mbele, nyuma, mbele. Mota inanguruma vizuri. Ngurumo hiyo imeshanipa nusu ya jibu: fyuzi ni nzima, swichi inapeleka moto, mota iko hai. Kwa hiyo wa siti nzima ya mtumba alikuwa anamuuzia mama kitu asichokihitaji.

Ingekuwa kimya ningeshuka kwa mpangilio. Kwanza fyuzi, kisha plagi iliyo chini ya siti. Kwetu pwani plagi hiyo haiaminiki, hewa ya chumvi inaota kutu ya kijani kwenye pini. Ndipo ningepima swichi. Mota ya siti ina waya mbili tu, na kwenda mbele au kurudi nyuma kunatokana na swichi kugeuza chanya na hasi. Kwa hiyo ukipima kwenye mota wakati mwenzako anabonyeza, mita isome kama volti 12, na akibonyeza upande wa pili isome hizohizo zikiwa na alama ya kutoa. Ikisoma vizuri na mota haizunguki, hapo sasa mota ndiyo mbovu.

Namwangazia kijana tochi chini ya siti aone mwenyewe. Mota moja, kebo mbili, kila kebo inazungusha gia ya reli yake. Kebo ya kulia inazunguka. Ya kushoto imetulia.

Saa 5:00
Boliti za nyuma haziguswi mpaka siti isogee mbele, na siti ndiyo imegoma. Nachomoa kebo ya kushoto kwenye mota, kichwa chake cha pembe nne nakibana kwenye drili, naizungusha polepole sana. Reli inaanza kutembea. Kijana anapima kwa futi kutoka mwisho wa kila reli mpaka pande zote mbili zinalingana.

Sasa naenda kwenye buti kuchomoa hasi ya betri. Tunasubiri dakika kadhaa ndipo tunagusa plagi ya kikaza mkanda. Ukiichomoa, usiwashe swichi ya gari mpaka uirudishe, la sivyo taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa wa kumkinga dereva, inawaka kwenye dashibodi na utatafuta mashine ya kuifuta. Boliti nne, tunaitoa siti kwa kusaidiana. Ni nzito haswa.

Saa 7:00 mchana
Wali na samaki, haraka haraka.

Saa 8:00
Kebo iko mezani. Ganda lake la nje limelegea kwa uzee na kusogea, hivyo waya wa ndani umerudi nyuma. Kile kichwa kilikuwa kinaingia kwenye mota milimita chache tu, kwa nchani. Nakikagua kwenye mwanga: pembe zimelika kidogo pale mwanzoni, huko nyuma zingali kali. Nakata ganda, kama sentimita moja, kwa wembe, bila kugusa waya. Kichwa sasa kinazama hadi kwenye pembe nzima.

Reli nazo zilikuwa zinalia. Grisi ya zamani imegeuka nta, imejaa mchanga wa ufukweni. Tunasugua kwa brashi na mafuta ya taa, tunakausha, tunapaka grisi nyeupe, kidogo, kwa sababu grisi nyingi inakusanya mchanga mwingine. Kazi hii imekula muda kuliko kebo, lakini reli ngumu ndiyo iliyokuwa inaichosha hiyo kebo.

Saa 10:30 jioni
Siti imerudi, plagi zote zimekaa, betri imeunganishwa. Nimeipeleka mbele hadi mwisho na kuirudisha nyuma hadi mwisho, nimepima tena kwa futi, pande zote sawa. Taa ya eabegi imezimika kama kawaida.

Mama anakaa, anasogeza mwenyewe, anakanyaga breki kwa unyayo wote. Anaurusha mto siti ya nyuma.

"Fundi, kumbe usukani uko karibu hivi!"

Amelipa elfu hamsini. Nimemwomba arudi Jumamosi niitazame siti ya abiria, kebo zake ni za umri uleule. Noah naianza kesho asubuhi, na altaneta, ile inayochaji betri, atafungua kijana.