Siku moja maishani mwangu: kupima itakoneti kwenye makrofaji

Saa 1:30 asubuhi. Leo napima itakoneti, kemikali ndogo ambayo seli za kinga hujitengenezea zikikutana na bakteria. Seli kwanza, chai baadaye. Makrofaji hizi, seli za kinga zinazomeza vijidudu, zimetoka kwenye uboho wa mfupa wa paja la panya, zikakuzwa siku 7 kwa M-CSF, protini inayochochea zikue kuwa makrofaji. Lazima ziwe zimeshika sakafu ya vishimo vya trei. Nyingi zikielea, trei inatupwa.

Saa 2:00. LPS, kipande cha ukuta wa bakteria, nanogramu 100 kwa mililita. Vishimo vya ulinganisho haviwekewi. LPS huwasha jini Irg1. Kimeng'enya chake huchota kemikali sis-akoniteti kwenye mzunguko wa Krebs, mfululizo wa hatua za kuipa seli nishati, na kuigeuza itakoneti, jambo lililobainishwa mwaka 2013. Itakoneti huzuia kimeng'enya SDH cha mzunguko huohuo, ambacho kikiichoma kemikali saksineti huchochea uvimbe wa kinga (inflamesheni). Pia itakoneti hushika KEAP1, protini inayoizuia Nrf2, hivyo Nrf2, protini inayowasha jini za kujilinda, ikaachiwa kuingia kwenye kiini. Kwa hiyo seli iliyo vitani hujitengenezea breki yenyewe.

Saa 5:00. Trei ya pili ni ya kuongezewa itakoneti kutoka nje. Ni asidi, kwa hiyo tunairekebisha kwa NaOH hadi pH 7.4, la sivyo utapima athari ya uchachu na kuiita kinga. Wengi hukimbilia 4-oktili itakoneti, itakoneti iliyobadilishwa kimaabara, kwa sababu inapenya kirahisi. Sawa, lakini hiyo hushambulia protini kwa ukali kuliko itakoneti halisi, na matokeo yake si ya kubadilishana.

Saa 8:00 mchana. Hapa ndipo data nyingi hufia. Umetaboli, yaani kemia inayoendelea ndani ya seli, hausubiri mtu: kishimo kimoja kimoja, nyonya midia (maji ya kukuzia seli), suuza mara moja kwa maji ya chumvi 0.9% ya baridi kali, kisha mimina mikrolita 500 za methanoli 80% iliyotoka nyuzi -80. Yote ndani ya sekunde chache. Usisuuze kwa PBS, maji ya chumvi yenye fosfeti. Fosfeti yake hufifisha ishara kwenye mashine ya kupima uzito wa molekuli. Methanoli tayari ina itakoneti yenye kaboni-13 (kaboni nzito, ya kuitofautisha na ya seli), ili kinachopotea njiani kihesabike. Kwangua juu ya barafu kavu, zungusha kwenye sentrifuji dakika 10 kwa nyuzi 4, chukua maji ya juu.

Saa 11:00 jioni. Mashine, ayoni hasi, m/z (uzito kwa chaji) 129.02, ndiyo ya itakoneti. Kemikali mesakoneti na sitrakoneti zina uzito uleule, hivyo safu (mrija wa kutenganisha kemikali) isiyozitenganisha itakupa kilele kizuri cha uongo. Ulinganisho ukionyesha itakoneti, shuku kwanza seramu yenye endotoksini (LPS ileile), halafu mabaki ya sampuli iliyotangulia. Ndiyo maana foleni ya usiku ina methanoli tupu katikati.