Miezi saba katika mashua, na hesabu ya maji

Mwezi wa Juni, wiki ileile skuli zilipofungwa kwa likizo, mwenye nyumba tuliyokuwa tumepanga Ng'ambo, mjini Unguja, alituarifu kwamba ameiuza, na kwamba mnunuzi anaihitaji kabla mwezi haujesha. Nyumba yetu wenyewe, huko Bumbwini, ilikuwa imesimama kuta tu, na hatukuwa na fedha za mbao wala za mabati. Mume wangu ni nahodha wa mashua yake mwenyewe, na wakati huo alikuwa amepata kazi ya kubeba saruji, mchele na soda kutoka bandari ya Mkoani kwenda visiwa vidogo vya Pemba, kazi ambayo ingemweka huko mpaka kaskazi, upepo utokao kaskazini, ianze kuvuma. Nilipiga hesabu ya kodi ya mjini kwa miezi saba, nikaona inafikia karibu nusu ya bei ya mabati. Nikamwambia tunakwenda sote. Alicheka, kisha akaona kwamba mimi sicheki.

Wavuvi wa Tumbatu na Kojani wana desturi ya kwenda dago, yaani kuhamia kwa muda pwani ya mbali kufuata samaki na upepo, kwa hiyo kuhama na chombo si jambo geni kwetu. Hata hivyo watu wa dago hulala nchi kavu, kwenye vibanda vya makuti, ilhali sisi tulikusudia kulala chomboni pamoja na watoto watatu, mkubwa akiwa na miaka 9, wa pili 6 na mdogo 2.

Mashua yetu ina urefu wa futi 36. Iliundwa Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, ina mlingoti mmoja uliolalia mbele na tanga la pembe tatu, na shehena yake hukaa katikati. Sisi tulipewa upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, mahali pasipozidi hatua tano kwa tatu, chini ya turubai lililotandazwa juu ya fito zilizopindwa. Jiko la mkaa lilikaa ndani ya sanduku la mbao lililojazwa mchanga. Choo kilikuwa kizimba kidogo kilichoning'inia nje ya tezi na kuzungushiwa gunia; nalitaja mapema kwa kuwa kila mwanamke aliyenihoji baadaye aliuliza hilo kwanza. Nilikataa kupakia hata sufuria moja mpaka kizimba kile kilipopanuliwa na kutiwa mahali pa kushikia. Mtoto mdogo tulimfunga kamba kiunoni, ncha ya pili ikiwa kwenye mlingoti, na urefu wa kamba ukiishia shibiri mbili kabla ya ukingo. Alilia siku mbili, siku ya tatu akaanza kuiburura kamba yake kama mbuzi aliyeizoea.

Tulilala usiku mmoja Nungwi, tukang'oa nanga saa 9 usiku ili tuvuke kabla kusi, upepo utokao kusini, haijapata nguvu ya mchana. Kutoka Nungwi hadi Mkoani ni kiasi cha kilomita 55, na wakati wa kusi upepo na mkondo vyote vinasukuma kuelekea kaskazini, kwa hiyo bahari huwa na mawimbi marefu yanayokuinua na kukuteremsha bila kukupiga. Sitadai kwamba sikuogopa. Katika maji hayohayo meli ya abiria MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, na yeyote mwenye jamaa Pemba anajua maana ya tarehe hiyo. Watoto walivaa majaketi okozi tangu Nungwi mpaka tulipotua tanga. Mkubwa alilewa bahari na kutapika, wa kati alilala njia nzima, na saa 4 asubuhi tulikuwa Mkoani.

Nilikuwa nimedhani kwamba shida ya kuishi chomboni ni safari. Kumbe chombo kinachoishi watu hutumia muda mwingi kikiwa kimetia nanga, na nanga inapokuwa imekamata vizuri, linalobaki ni maji tu. Tulikuwa na madumu manane ya lita 20, jumla lita 160 za maji matamu. Juma la kwanza tulimaliza kiasi cha lita 40 kwa siku, maana yake ni kwamba kila siku ya nne mtu alipaswa kwenda kisimani au kwenye bomba la kijiji, na kazi hiyo iliniangukia mimi kwa kuwa mume wangu alikuwa akipakia au kupakua. Kubeba dumu la lita 20 katika tope la mikoko, maji yakiwa yamekupwa na mguu ukizama hadi gotini, ni kazi ambayo sikuwahi kuifanya mjini.

Nikaanza kugawa. Vyombo vilioshwa kwa maji ya bahari na kusuuzwa kwa kata moja tu ya maji matamu. Wali nilipika kwa mchanganyiko, sehemu moja ya maji ya bahari kwa tatu za maji matamu, bila kutia chumvi. Watoto waliogeshwa baharini kisha nikawapangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa, kwa sababu chumvi ikiachwa kwenye ngozi ya mtoto huwasha na kutoa vipele. Sabuni ya mche haitoi povu katika maji ya chumvi, hubaki utelezi tu, na ilinichukua siku kadhaa kugundua kwamba sabuni ya maji ya kuoshea vyombo hufanya kazi vizuri hata baharini. Nguo ndizo zilizonishinda. Nguo iliyosuuzwa kwa maji ya bahari haikauki kamwe. Utaianika jua la mchana kutwa, na usiku umande ukishuka itarudi kuwa mbichi kwa sababu ya chumvi iliyomo. Kwa hiyo nguo nilizipeleka nchi kavu mara moja kwa juma. Kufikia mwezi wa pili tulikuwa tumeshuka hadi lita 25 kwa siku, na kila dumu nililichora alama kwa makaa ili aliyekunywa aone alichopunguza.

Likizo ilipokwisha mtoto mkubwa alihamishiwa skuli ya Mkoani, akakaa kwa shangazi yake siku za masomo na kurudi chomboni Ijumaa jioni. Yeye ndiye aliyeanza kutuuliza habari ya kibla. Kwa sisi watu wa Unguja na Pemba kibla kiko karibu kaskazini moja kwa moja, na chombo kilichotia nanga huelekeza omo, yaani mbele yake, kule upepo unakotoka. Wakati wa kusi, basi, omo ilitazama kusini na sisi tuliswali tukielekea tezi. Hilo ni rahisi mpaka uingie ndani ya hori, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, ambako mkondo wa maji yanayojaa na kupwa una nguvu kuliko upepo, na chombo kinaweza kuzunguka mtu akiwa katika rakaa ya pili. Siku tulipopitia kisiwa cha Misali nilimsimulia hadithi inayosimuliwa kule, kwamba Nabii Khidhr alikosa msala wa kuswalia akakifanya kisiwa chenyewe kuwa msala wake kwa kuwa kimelala kuelekea kibla. Akanijibu kwamba Misali ina bahati, haizunguki.

Sasa nije kwenye kosa langu, ambalo mume wangu mpaka leo hulihadithia barazani kana kwamba lilikuwa lake, kwa heshima tu.

Ilikuwa mwezi wa tatu wa safari, tukiwa ndani ya hori dogo upande wa Chake Chake. Kisima kilikuwa karibu na ufuo, lakini kati yake na mahali tulipotia nanga palikuwa na tope la upana wa uwanja wa mpira. Kwa hesabu ya mwezi mwandamo ilikuwa mwezi 17, bamvua lenyewe, siku maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, na saa 10 alasiri maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye majani ya mikoko. Niliona nafasi. Nikasema mashua isogezwe mpaka karibu na kisima, tulale pale, asubuhi nichote maji bila kukanyaga tope. Mume wangu alinitazama, akatazama maji, akasema pale ni juu sana. Nilikuwa nimechoka, na mwanamke aliyechoka kubeba maji hana haja ya kusikia habari za juu na chini. Akasogeza.

Tulifurahi usiku ule. Maji yalipoteremka mashua ilikaa juu ya mkuku wake, ule uti wa mbao wa chini, tukaiwekea magadi, zile nguzo za kukiegemeza chombo kisilale ubavu, na asubuhi nilichota madumu yote manane kabla ya watoto kuamka. Alfajiri maji yalikuwa yamejaa tena, yakaunyanyua mkia wa mashua kidogo, mkuku ukabaki umeshika. Jioni yake yalifika pungufu kwa upana wa kiganja. Siku iliyofuata yakapungua zaidi. Tulikuwa tumepwelewa kwenye kilele cha bamvua, na kutoka hapo kila maji kujaa kungekuwa kudogo kuliko kulikotangulia, mpaka maji mafu, siku za maji kujaa kidogo, yapite na mwezi mwingine uandame.

Mzee mmoja wa kijiji alikuja kwa miguu hadi ubavuni mwa mashua, akabisha hodi kama anayebisha mlangoni, akazunguka akitazama magadi. Mume wangu alimwamkia na kumwomba ushauri. Mzee akasema, "Mmepanda na maji ya mwisho, mwanangu. Subirini mwezi."

Tulisubiri siku 15. Kwa sisi wenye kazi ya kubeba shehena hilo lilikuwa pigo, kwani mteja wetu alitafuta chombo kingine na malipo ya nusu mwezi yakapotea. Hatari kubwa zaidi ilikuwa jua. Mbao za chombo zikikauka husinyaa, pamba ya kalafati inayoziba nafasi kati yake hulegea, na siku maji yatakaporudi huingia kila mahali. Tuliezeka makuti ubavuni upande wa jua, na kila asubuhi na jioni watoto walimwagia mbao maji ya chumvi kwa upo, kata ya kutolea maji chomboni, ndani na nje, mchezo ambao kwao haukuchosha. Tuliacha pia maji kidogo katika ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, makusudi. Mbu wa mikoko walitula vya kutosha. Neti moja ililaliwa na watu wanne, na mume wangu alilala omo akijifunika shuka gubigubi. Wanawake wa kijiji walinichukua kwenda kuokota chaza na kombe maji yanapokupwa, wakaniletea muhogo, nami nikawashonea watoto wao sare za skuli kwa mkono. Maji ya kunywa, nakiri, hayakuwahi kuwa rahisi kama siku zile.

Siku tano za mwisho tulichimba. Maji yalipokupwa asubuhi, mume wangu na vijana watatu wa kijijini walifungua mtaro nyuma ya mkuku kuelekea kwenye mkondo wa hori, nami nikazoa tope kwa karai. Tulishusha kila kitu: shehena iliyobaki, mawe ya farumi ya kukitia chombo uzito, jiko na mchanga wake, na madumu yote. Baura, yaani nanga, ilipelekwa mbali kwa ngalawa na kutupwa kwenye kina, ili tuvute kamba yake kutoka tezi. Usiku wa kuamkia mwezi 3, saa 10 na nusu alfajiri, maji yalipanda mpaka yakagusa alama tuliyokuwa tumeichora kwenye usukani. Mashua ikatikisika mara moja kama mtu anayekohoa usingizini. Tukavuta. Ilirudi nyuma hatua mbili, ikasimama, wimbi la boti iliyokuwa ikipita mbali likaja likainyanyua, na tukaenda nayo mtaroni hadi kwenye mkondo. Tulifua maji yaliyoingia chomboni mpaka jua likatoka, kisha mbao zikavimba na mvujo ukapungua kuwa wa kawaida.

Tangu siku hiyo kalenda ya mwezi mwandamo ilitundikwa juu ya jiko, na mimi ndiye niliyeitunza.

Mwishoni mwa Disemba kaskazi ilikuwa imeshika, tukarudi Unguja. Kuvuka kulikuwa kubaya kuliko mara ya kwanza, kwa sababu upepo wa kaskazi unakutana uso kwa uso na mkondo unaopanda, na mawimbi yanakuwa mafupi na yenye kukatana. Nisingependa kulirudia nikiwa na mtoto wa miaka miwili. Fedha ya mabati ilikuwa imepatikana, pungufu ya yale malipo ya nusu mwezi, ambayo ndugu yangu alinikopesha. Tulipakia mabati na mbao bandari ya Malindi, hapo mjini Unguja, na mume wangu akaniuliza tuyashushe lini Bumbwini, maana ufuo wetu ni wa kupwa mbali na mabati hayabebeki topeni. Nikamwonyesha kalenda: mwezi 12, maji yakiwa bado yanapanda siku hadi siku. Tuliingia alasiri, tukakaa juu ya mchanga, tukashusha mabati yote maji yakiwa yamekupwa, na alfajiri mashua ilielea yenyewe, tezi ikitangulia.