Mshike Dagaa Mmoja

Nilipoanza kuuza dagaa na mama mkubwa pale Kibirizi, Kigoma, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, hakuniruhusu kugusa mzani. Kazi yangu ilikuwa kutoa dagaa mmoja kwenye kila gunia na kumwambia ninachokiona. Nikisema ni mkavu, ananirudishia: "Umejuaje, mwanangu? Mvunje." Dagaa aliyekauka sawasawa hukatika kwa mlio. Aliyenyeshewa akiwa bado mchangani hupinda kwanza, na tumbo lake lina manjano ya kuelekea kahawia kwa kuwa mafuta yameanza kuharibika. Mchanga nao usiutafute mgongoni. Mfunue mashavu, angalia kwenye matamvua. Aliyeanikwa kwenye chanja utamkuta safi hadi humo.

Nilipozoea, macho yakakataa kuishia kwenye bei. Nikanunua daftari lisilo na mistari na penseli, nikawa namchora dagaa mmoja kabla wateja hawajajaa. Mimi si mchoraji, lakini mkono unaochora hulilazimisha jicho kurudi mara nyingi pale lilipopita haraka. Ndipo nikaona kwamba fungu moja lina samaki wa aina mbili, mmoja mwembamba, mwingine mwenye kifua kinene. Pitisha kidole tumboni kutoka mkiani kuelekea kichwani, utahisi vimeno vidogo kama vya msumeno. Ni magamba magumu yaliyopangwa mstari, alama ya ukoo wao, na ndugu zao wengi wanaishi baharini. Hao wa kwetu wako ziwani, mbali kabisa na chumvi. Kila nikilifikiria hilo naona fahari.

Boti za kwenda Gombe, hifadhi ya sokwe, huondokea hapahapa Kibirizi. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alifika Gombe Julai 1960 akiwa hana shahada ya chuo kikuu, ana darubini na daftari. Kabla mwaka haujaisha alimwona sokwe, yule aliyempa jina David Greybeard, akiingiza bua la nyasi kwenye kichuguu, analitoa likiwa limejaa mchwa, anawala. Aliona pia sokwe wakinyofoa majani kwenye kijiti ili kipenye, na wakati huo wataalamu walisema kutengeneza zana ni kazi ya binadamu peke yake. Vichuguu tumekua navyo, kumbikumbi tumewakamata tangu utoto. Kilichonigusa ni uvumilivu wake: sokwe walimkimbia kwa miezi, naye akaendelea kupanda kilimani na kutazama kutoka mbali.

Tangu hapo hata nyumba tupu za konokono zinazotapakaa ufukweni siwezi kuzikanyaga tu. Katika ziwa hili kuna samaki wadogo wanaoishi humo ndani, na majike hutaga mayai humo. Mwanangu nimemzoesha kuokota moja na kuizungusha taratibu, aniambie mzunguko unaelekea kulia au kushoto kabla ya kuitupa.

Muda wangu mzuri ni siku za mbalamwezi. Dagaa hawafuati taa mwezi ukiwa mkubwa, kwa hiyo wavuvi hupumzika na meza zetu huwa tupu. Safari hii nimekaa chini ya mchikichi ulio nyuma ya nyumba, namtazama mnana akijenga. Hung'ata ukingo wa jani, kisha huruka akiwa ameling'ang'ania, na ukanda mwembamba unachanika kwa urefu. Dume ndiye msukaji. Ukanda ule huupitisha chini, huuvuta juu, huukaza kwa mdomo huku mguu umeshikilia upande wa pili. Fundo la kwanza kabisa, lile linaloshika kwenye ukuti mtupu, bado sijaliona vizuri, maana kila akilifunga ananipa mgongo. Kesho nahamishia kigoda upande wa jikoni.