Siku moja maishani mwangu: sichezi gemu, niko kazini

Saa 11 alfajiri alamu inalia, naizima, inalia tena, naamka. Naishi Kimara, ofisi ipo Mikocheni, ukizembea dakika kumi tu foleni ya mwendokasi inakuadhibu. Kwenye mkataba mi ni Afisa Msaidizi TEHAMA ila ofisi nzima kuanzia mlinzi mpaka bosi wananiita fundi, nishazoea. Tunafanya tafiti za kaya, yaani wadadisi wanaenda vijijini kuuliza watu wanakula nini, wanachota maji wapi, watoto wanasoma umbali gani, na majibu yote yanaingia kwenye kishikwambi, yaani tableti. Kikizingua kishikwambi, anatafutwa fundi.

Wengi wetu hili neno kishikwambi tulilizoea kwenye sensa ya 2022. Mi nilikuwa karani, nilikibeba kile kidude kama mtoto mchanga, nyumba kwa nyumba nauliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia Agosti 23, na jua la mwezi huo kioo huoni kitu mpaka ujifunike na mtandio wa mama mwenye nyumba. Sensa ilipoisha vile vishikwambi wakagawiwa walimu, mi nikabaki na ujuzi, ndo ulionileta hapa.

Saa 2 kamili niko mezani. Printa ya mapokezi haiprinti, karatasi imenasa, nimetoa. Uhasibu waifai inakatika, nikachukua kishikwambi changu cha kazi nikazunguka korido na apu ya kupima mawimbi, kumbe ruta yetu na ya ofisi ya jirani zote zinagombania chaneli 6, nikaihamishia yetu 11, ikatulia. Dada wa uhasibu kaniona napita mara ya tatu macho kwenye kioo akasema "wenzetu mnalipwa kucheza gemu eeh?" Nikacheka tu. Hiki kidude ndo spana yangu, bisibisi yangu, kitabu changu cha stoo, kila kitu. Kompyuta ya mtu yupo Dodoma naingia nayo nikiwa nimesimama kwenye ngazi. Lakini fundi akishika bisibisi anaonekana anafanya kazi, akishika kioo anaonekana anachati.

Saa 3 ndo kazi yenyewe. Wadadisi 24 wanaondoka kesho alfajiri kwenda Morogoro, stoo kuna vishikwambi 25, havijaguswa miezi minne. Nilisema wakati vinarudi, kwa herufi kubwa kabisa, kwamba visiwekwe vikiwa sifuri, viachwe na nusu chaji, betri za lithiamu hazipendi kulala njaa. Nimefungua boksi, kumi na moja ni sifuri na kimoja kimevimba mgongo kama andazi. Hicho hakichajiwi, hakitobolewi, na hakiminywi ili kifuniko kirudi kama alivyotaka kunisaidia mlinzi. Nikakitoa nje nikakiweka kwenye ndoo ya mchanga. Vimebaki 24 kwa watu 24, akiba hakuna.

Kuviandaa ukishajua ni kama kukanda unga. Chaji kwanza, ekstensheni tatu chumba kizima nyaya. Tarehe na saa viwe sawa, maana kishikwambi kilichozima muda mrefu kinaweza kuamini tuko mwaka mwingine na dodoso likaenda na tarehe ya ajabu. Halafu apu ya madodoso, naielekeza kamera kwenye kodi moja ya QR inavuta mipangilio yote ya seva yenyewe, ndo napakua fomu. Baada ya hapo kule kijijini hawahitaji intaneti, majibu yanajihifadhi humo humo mpaka wakipata mtandao wanatuma. Mwisho GPS, ya kuonyesha kifaa kiko wapi kwenye ramani, na hii lazima utoke nje maana ndani ya jengo satelaiti hazionekani vizuri na fomu yetu haikubali mpaka kosa la kukadiria mahali lifike chini ya mita 5. Nikavipanga vinne vinne kwenye sinia la chai nikasimama nao uani chini ya jua nasubiri mita zishuke, 30, 18, 9, 6, inarudi 12. Mlinzi akaniuliza "kaka, karanga shilingi ngapi?"

Chai nilikunywa saa 5, chapati moja, baridi.

Sasa namba 17. Kimewaka vizuri, chaji ipo, karibu, chagua lugha, waifai, halafu kinadai ingiza akaunti ya Google iliyokuwemo mwanzo. Nikajua nimekwisha. Kwa msiofahamu, tangu Android 5.1 kuna kufuli la kuzuia wezi, ukikireseti kifaa, yaani kukifuta kirudi kama kipya (wengine wanaita kufomati), kwa vitufe vya nje, ule wa kuwashia na wa sauti, kikirudi kinataka akaunti ya mwenyewe wa awali la sivyo ni sahani ya kupakulia wali. Ukireseti kutoka ndani kwenye mipangilio haina shida, akaunti inatoka kwa amani. Sasa hiki nani kakireseti kwa vitufe? Na kilikuwa na akaunti ya nani?

Nikaenda kwa Mratibu, mzee wangu namheshimu, ila siku hiyo. "Fundi, si ukifomati tu?" Nikamwambia mzee kimeshafomatiwa, ndo tatizo lenyewe. "Basi kifomati tena." Nikaeleza upya taratibu. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema mwanae wa darasa la tano anafomati simu za nyumba nzima, mimi nimesomea kabisa nashindwa nini. Nikanyamaza. Nikamuuliza kwani hiki alikuwa nacho nani, akasema yule kijana aliyeacha kazi mwezi wa nne, alikirudisha kina patani ya kufungulia kioo, "nikajaribu jaribu ikakataa, ndo mpwa wangu akanionyesha kubonyeza vile vitufe viwili."

Mzee. Yaani ni wewe.

Sikusema hivyo. Nilisema "sawa mzee, nashughulikia."

Kumpigia jamaa, hapatikani. Saa 7 hapatikani. Nikala wali maharage kwa mama ntilie simu iko pembeni ya sahani, hapatikani. Mratibu anapita kila nusu saa: "Bado tu?" Mara ya tatu akaja na wazo, kuna kijana Kariakoo anatoa hayo makufuli kwa elfu ishirini, apewe bodaboda akimbize. Hapo ndo niligoma kweli. Sijui anaingiza nini humo ndani, na sisi kesho tunaingiza majina ya watu, simu zao, kipato chao, mpaka nukta ya nyumba yao kwenye ramani. Mtu amekukaribisha kwake akakueleza siku za wiki hii alizolala bila kula, halafu wewe unayaandika kwenye kifaa kilichopita mkononi mwa usiyemjua? Mzee alinuna. Akaniambia basi mdadisi mmoja atabaki na utamweleza wewe. Huyo mdadisi ni binti ana mtoto mdogo, posho ya siku kumi na mbili, nilimuona asubuhi anauliza basi linaondoka saa ngapi.

Kati ya hapo umeme ukakatika, nikadhani ni mtaa mzima kumbe ni LUKU imeisha, vishikwambi tisa havijajaa, nikanunua kwa simu yangu, tarakimu 20 nikakosea mara mbili kwa hasira. Hela hiyo sijarudishiwa.

Sijui ilikuwa saa ngapi, jua lilishaanza kulala, jamaa akapiga mwenyewe. Yuko Kahama, alikuwa zamu. Muungwana sana, akasema kaka ni imeili yangu ile, ofisi haikunipa akaunti nikaweka yangu. Pasiwedi? Anazo tatu anazozikumbuka, zote zimekataa. Akasema ngoja nibadilishe pasiwedi nikutumie mpya, nikapiga kelele mpaka uhasibu wakageuka, USIBADILISHE, maana ukiibadilisha sasa hivi hili kufuli linaweza kukataa mpaka saa 24 zipite, na sisi basi ni alfajiri. Tukakaa kwenye simu, yeye anapekua daftari lake la zamani huku anaongea na mkewe, kumbe iko nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto, jina la mtoto na mwaka aliozaliwa na nyota mbili. Nikaingiza. Ikaleta swali kwenye simu yake, ni wewe? Nikamwambia bonyeza ndiyo, ndiyo bwana, ndiyo! Kikafunguka. Nikatoa akaunti yake palepale, nikamwambia aibadilishe pasiwedi sasa maana mimi nishaiona, nikaweka ya ofisi, apu, QR, fomu, nikatoka nje na sinia lenye kishikwambi kimoja. Mita 4.

Mratibu alikuwa anafunga mlango wa ofisi yake. Akakichungulia. "Kumbe dakika mbili tu."

Nikavipanga kwenye boksi kwa namba, chaja zake kila moja imefungwa raba, nikasainisha fomu ya makabidhiano kwa kidole kwenye kishikwambi changu, nikatoka. Kituo cha Morocco foleni ilifika barabarani. Basi la tatu ndo nimeingia, nikapata kiti kwa bahati, changu kina asilimia 4, nikakifunika. Mama mmoja wa makamo pembeni yangu akaona kava akaniuliza, mwanangu wewe unajua mambo ya simu? Nilitaka kusema sijui. Simu yake inasema nafasi imejaa, hapigi hata picha. Nikaifungua, ni picha za asubuhi njema za magrupu ya WhatsApp, maua, vikombe vya chai, aya za mistari miwili, maelfu kwa maelfu. Nikamwambia mama tuzifute, akasema hizi futa, hii acha, hii ya marehemu dada acha, hiyo futa. Tumefika Kimara Mwisho bado tuko kwenye za mwaka juzi.