Pini za mashine ya mawese: nilivyozipa ngozi ngumu

Wakamuaji wa mawese huku Kigoma hawaishi kulalamikia pini za mashine zao. Ukichonga kwa nondo, msimu haujaisha pini imelika upande mmoja. Ukichonga kwa springi ya gari na kuizamisha majini ikiwa nyekundu, inakuwa ngumu hadi kiini, halafu siku mashine ikielemewa inakatika ghafla. Jirani aliponiletea kazi hiyo, niliamua kutumia chuma laini na kukilisha kaboni nje tu.

Kaboni ndiyo inayofanya chuma kiwe kigumu kikizamishwa. Chuma laini kina kaboni chini ya asilimia 0.25, kwa hiyo kukichoma na kukizamisha hivi hivi ni kupoteza mkaa. Nilichukua kipande cha bomba nene, nikachomelea kitako. Ndani nikapanga pini zisigusane, nikashindilia mkaa uliopondwa kiasi cha punje za mahindi, umechanganywa na makome ya ziwani yaliyotwangwa, sehemu moja kwa tisa za mkaa. Makome ni chokaa. Yakishika moto hutoa hewa inayoungana na mkaa kufanya kaboni monoksidi, na gesi hiyo ndiyo inayopenyeza kaboni kwenye chuma. Ndiyo pia inayoua waliolala na jiko ndani, hivyo kazi hii ni ya uani. Mfuniko niliuziba kwa udongo wa mfinyanzi, nikaacha kitundu cha kupitisha waya mnene wa chuma laini, wa kupimia kaboni imeingia kiasi gani.

Joto linalotakiwa ni nyuzi 900 hadi 950. Sumaku inasaidia mwanzoni tu, maana chuma huacha kuvutwa kwenye nyuzi 770 hivi. Kutoka hapo ni jicho, tena kivulini: wekundu unaoelekea rangi ya chungwa. Bloa ilivuma saa kadhaa ndipo nikachomoa waya, nikauzamisha, nikauvunja. Palipovunjika palionyesha pete ya kijivu, chembe zake laini, imezunguka kiini chenye chembe kubwa. Pete ilipokaribia milimita moja nikafungua bomba, pini moja moja zikaingia kwenye ndoo ya maji.

Tupa ilizipita ikiteleza kama juu ya kioo. Nikazikausha, nikazipasha kwenye mafuta ya nyuzi 180 kwa saa moja kupunguza wepesi wa kupasuka.

Vipimo na matundu nilivimaliza kabla ya moto. Baadaye ni msasa mwepesi tu. Ukipeleka kwenye grainda unaondoa ile milimita yenyewe.